Niambie Ulichokiona

Nilikuwa na miaka 14. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na wageni walikuwa wameshakaa mkekani. Kazi yangu ilikuwa kumimina chai. Nakumbuka kikombe cha kwanza na cha pili. Nakumbuka pia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani mama amesahau sambusa jikoni. Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni mkono wa mama ulionikamata kifundo, birika tupu, na chai iliyoenea mkekani mpaka kwenye kanzu ya mjomba.

Kati ya harufu ile na mkono wa mama kuna dakika ambayo mimi sina. Wanayo wao. Mjomba alisema nilimkazia macho huku naendelea kumimina, basi ni kiburi. Bibi alisema macho yale hayakuwa yangu, basi kuna aliyekuja. Mama hakusema neno, alikwenda kutafuta kitambaa. Nilipouliza nimefanya nini, kila mmoja aliniambia maana ya jambo, na jambo lenyewe hakuna aliyenisimulia. Ilipita karibu miaka mitatu kabla sijapata mtu wa kunisimulia.

Naomba nieleze inavyokuja, maana wapo vijana wanaopitia haya haya na hawajui kwamba yana jina, kifafa. Kwangu huanza tumboni. Aliyewahi kupanda basi la Lushoto anajua tumbo linavyofanya gari likishuka kona za Soni: wewe umeshafika chini, tumbo limebaki juu. Halafu naona kama nilishawahi kuwa hapa hapa, na mtu huyu huyu, akisema neno hili hili, na najua neno litakalofuata. Ukweli ni kwamba sijui chochote, lakini hisia hiyo ina nguvu kuliko kujua. Kisha harufu. Kisha hakuna kitu. Narudi nikiwa nimechoka kama niliyechota maji kutwa nzima, watu wananitazama, na sijui nianze kuomba radhi kwa lipi.

Shule nilisoma bweni, mbali na kwetu Korogwe. Huko niliitwa Mbuzi kwa sababu nilikuwa natafuna na mdomoni hamna kitu. Siku moja, kidato cha pili, nilisimama katikati ya kipindi cha jiografia, nikatembea mpaka dirishani, nikabaki pale nikichezea kifungo cha sweta. Mwalimu aliniita, sikujibu. Nilichapwa viboko vitano mbele ya darasa kwa dharau. Sikujitetea. Ningejitetea kwa lipi? Waliokuwepo ni wanafunzi 45 na mwalimu wao, mimi ndiye sikuwepo. Fimbo ziliuma siku mbili. Kuhukumiwa kwa tendo ambalo hukulishuhudia, ilhali umelitenda wewe, kunauma mpaka leo ninapoandika.

Nikajifunza kudanganya. Nikirudi na kukuta watu wamenyamaza, nilisema, "Samahani, nilikuwa nawaza." Nilikaa nyuma kabisa. Niliacha kusoma risala, niliacha kucheza netiboli, niliacha kusimama mbele kwenye paredi. Nikihisi tumbo linapanda, nilikimbilia chooni nikajifungia, jambo ambalo sasa najua lilikuwa la hatari, maana ningeanguka humo asingejua mtu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unanichukua dakika moja au mbili kwa juma. Kuuficha kulinichukua juma zima.

Nyumbani, likizo, bibi alinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaniandikia kombe, yaani aya kwa zafarani, nikanywa. Nilifukizwa ubani, nikasomewa usiku tatu. Watu wengi wakisikia sehemu hii hutegemea nitamsema bibi. Siwezi. Katika nyumba ile yeye ndiye wa kwanza kukubali kwamba kweli kuna kitu, kwamba mtoto hajifanyi. Kisomo kile kilinipa usingizi, na hata leo nikiogopa husoma. Ninayemlaumu ni mganga mmoja aliyechukua thamani ya mbuzi wawili wa mama, akatuapisha tusikanyage hospitali kwa kuwa sindano ingeniua. Tulimtii mwaka mzima. Namlaumu vilevile, ingawa kidogo, mhudumu aliyenipima malaria mara nne bila kuniuliza swali hata moja, na mwingine aliyemwambia mama kwamba haya ni mambo ya wasichana, yataisha nikiolewa.

Kilichotufungua ni kuanguka. Kidato cha nne, wiki ya mtihani wa moko, nilikesha siku tatu na tochi na chai ya rangi. Asubuhi ya nne nilikuwa kwenye foleni ya bombani. Harufu ilinijia nikiwa nimeshika ndoo. Safari hii haikuishia kwenye kutafuna. Nilianguka, nikakakamaa, nikatupa mikono na miguu, nikatoka povu. Wenzangu walikimbia. Walikuwa wamefundishwa nyumbani kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa nawe umekwisha. Mmoja aliyekuwa na nia njema kabisa alinitia kijiko kati ya meno nisijing'ate ulimi, na jino langu la mbele likavunjika. Msichana aliyelala kitanda cha juu yangu kwenye deka letu ndiye hakukimbia. Alivua kanga aliyojifunga, akaikunja chini ya kichwa changu, akautoa ule mkono wenye kijiko, kisha akanilaza ubavu kwa sababu mate yalikuwa yananipalia. Hakufundishwa na mtu yeyote. Alitazama tu akaona pumzi inataka njia.

Shule iliniambia niende nyumbani nisirudi mpaka nipone. Alipokuja kunisindikiza getini, yule wa kitanda cha juu alinipa daftari dogo la hesabu. Alikuwa ameanza kuliandika tangu kidato cha tatu, bila kuniambia, kwa sababu mara moja nilimuuliza nilifanya nini akaona aibu kwamba hakukumbuka vizuri. Lilikuwa na siku 19. Naweza kuzisoma kwa moyo. Moja ni hii:

"Saa 3:40 usiku, prepo. Macho wazi. Anatafuna, mdomo mtupu. Mkono wa kulia unachezea kifungo. Wa kushoto umekaza, vidole vimepinda. Nimemwita mara tatu, hajageuka. Nimehesabu mpaka 70. Amerudi. Ameniuliza, kengele imelia? Nimemjibu. Ameuliza tena."

Nilisoma daftari lile kwenye basi, kichwa nimekiegemeza dirishani, nikalia mpaka Mombo. Hamna neno jini. Hamna kiburi, hamna masikini, hamna hata "aliniogopesha", na najua nilimwogopesha. Kwa mara ya kwanza nilipewa dakika zangu kama zilivyokuwa.

Tulifika hospitali ya rufaa Dar es Salaam miezi miwili baadaye, mama akiwa ameuza shamba la nusu eka. Nilipimwa umeme wa ubongo: vidude vidogo vyenye nyaya vimebandikwa kichwani, taa inawaka na kuzima usoni, unaambiwa uvute pumzi kwa nguvu, kisha ulale ukiweza. Majibu yalitoka safi. Mama alishukuru Mungu kwa sauti, "Hana kitu!" Mimi nilihisi sakafu inaniondoka. Nikarudi nikawe muongo tena?

Daktari alituambia tusikimbie. Alisema kipimo kile ni sawa na mvuvi aliyetupa wavu mara moja: kukosa samaki hakumaanishi bahari haina. Ubongo wenye kifafa unaweza kutulia nusu saa nzima ya kipimo, na hasa kikiwa kimejificha sehemu ya ndani. "Nani anamwona inapomtokea?" aliuliza. Mama alisema yeye huona kidogo. Mimi nikatoa daftari.

Alilisoma kurasa zote, akarudia. Akauliza kama aliyeandika ni muuguzi. Nikamwambia ni mwanafunzi mwenzangu. Akasema, "Huyu ndiye aliyekupima." Kisha akatueleza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua: mkono wa kulia ukichezea kitu huku wa kushoto ukikakamaa, shaka huelekea upande wa kulia wa ubongo, kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili. Baada ya miezi kadhaa ya kuchanga tulipata pesa ya MRI, kipimo cha kupiga picha ndani ya ubongo, na picha ikaonyesha kovu dogo upande wa kulia, ndani, usawa wa sikio, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana ya ile hisia ya kwamba nilishakuwa hapa. Ndiyo maana ya harufu.

Alimuuliza mama kama nilipata degedege utotoni. Mama akanyamaza kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu, homa kali, na lilinishika zaidi ya saa moja. Bibi alinifukiza kinyesi cha tembo kama walivyofanya wazee wake, wakiamini degedege huletwa na ndege mkubwa anayepita juu ya nyumba usiku. Lori la mkonge ndilo lililotufikisha hospitali. Daktari alisema degedege refu namna hiyo linaweza kuacha kovu likalala miaka mingi kabla ya kuanza kusumbua, ila kwangu hawezi kuapa kwamba ndilo. Nampenda kwa jibu lile. Wengi waliotangulia walikuwa na uhakika.

Halafu akataja jina, na mama akalia. Jini angeondoka. Kifafa, kwa anavyokijua yeye, kimekaa. Kwake kifafa kilikuwa mtu wa kijijini kwao aliyeangukia motoni na kutengewa sahani yake. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba kuna kifafa cha mtu aliyesimama, macho wazi, akitafuna. Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kushikwa iwapo wangetambuliwa na kutibiwa sawasawa. Nilipoisoma hesabu hiyo nilifikiria viboko vile vitano. Nikafikiria ni watoto wangapi wako dirishani saa hii, darasa zima limewageukia.

Baadaye nilisoma habari za Mahenge, huko Morogoro, ambako kifafa kimekuwa kingi mno kwa muda mrefu. Daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko karibu mwaka 1960, kwa watu waliokuwa wamesukumwa pembeni na jamaa zao wenyewe. Miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba kulikuwa na watoto wanaotikisa kichwa mbele na nyuma kama wanaosinzia, jinsi familia zao zilivyoeleza. Miongo kadhaa ilipita kabla ulimwengu haujaanza kuushughulikia ugonjwa huo wa kutikisa kichwa, uliojitokeza pia Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda, na watafiti kuuhusisha na ugonjwa wa usubi, ule unaoenezwa na nzi wa mitoni. Namna hasa unavyotokea bado wanaitafuta. Lakini mama zao walikuwa wameshaona. Waliona na wakasema, na kwa bahati alikuwepo mtu wa kuandika.

Dawa nilianzishiwa kabamazepini, dozi ndogo, ikapandishwa taratibu. Wiki za mwanzo niliona vitu viwili viwili na kupepesuka. Hiyo ilipita. Isiyopita ni safari ya kuifuata. Wilayani kwetu wagonjwa wa kifafa tunahudumiwa kliniki ya afya ya akili, siku moja ya juma, kwenye benchi lililo njiani kwa kila anayeingia getini. Anayepita anakuona na anamaliza mwenyewe. Miezi mingine dirisha la dawa linafunguliwa unaambiwa zimeisha, kanunue nje. Kwa mgonjwa wa maradhi mengine hiyo ni hasara ya pesa. Kwetu sisi dozi mbili tatu zikipita, ubongo unadai.

Nilijifunza hivyo kwa kosa langu. Mwaka wa pili chuoni nilikuwa nimekaa miezi tisa bila kushikwa, nikajiona nimepona. Ukaingia Ramadhani. Mama alinikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa, daktari alikuwa ameshanieleza kwamba nikitaka kufunga tupange dozi ya futari na ya daku pamoja. Sikutaka kupanga na mtu. Nilitaka kufunga kama wenzangu wa chumbani, bila kidonge, bila maelezo. Nikaacha dawa, na juu ya hapo nikawa nalala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku. Siku ya saba nilishikwa mara nne mfululizo bila kurudiwa na fahamu katikati, na waliokuwa nami walinipeleka hospitali kwenye bajaji. Nilizinduka siku iliyofuata. Kuna sikukuu za mwaka ule, nyimbo zake na nguo zake, ambazo kwangu hazimo kabisa kichwani. Nimejaribu kuzitafuta. Hazimo.

Benchi lile la kliniki ndilo limenipa marafiki. Kuna kijana wa bodaboda aliyeficha kwa bosi wake na kwa mkewe, kwa kuwa akisema, pikipiki inarudishwa, na pikipiki ndiyo ugali. Nilimwambia aache, alinijibu nimwonyeshe kazi nyingine, nikakosa jibu. Bado namwambia. Kuna msichana wa miaka 17 mwenye kovu la moto kuanzia shavuni hadi begani. Alishikwa akiwa ameinamia mafiga, peke yake nyumbani. Siku hizi mdogo wake ndiye anayeshika moto, yeye anakata mboga. Kuna aliyeachishwa shule darasa la sita na hadi leo anaweka sare yake ndani ya begi.

Na kuna dada aliyekuwa na kijiti mkononi, akashika mimba. Alikwenda kwenye uzazi wa mpango, hawakumuuliza dawa anazotumia. Alikuja kwenye kifafa, hawakumuuliza uzazi wa mpango. Hakuna aliyemwambia kwamba kabamazepini hupunguza nguvu ya vijiti na vidonge vya majira. Nimelisema hili kwenye benchi mara nyingi kiasi kwamba muuguzi wetu sasa huwauliza wasichana mwenyewe. Walio kwenye sodiamu valpreti nawaambia kitu kingine: dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasianzishiwe. Mwambie daktari akubadilishie, usiiache mwenyewe usiku mmoja. Mimi nimeshajua kinachotokea.

Ninapohamia mahali, sasa huwaita wenzangu wa chumba siku ya kwanza kabisa, kabla hatujagawana ndoano za nguo. Nawaambia nina kifafa. Nawaonyesha nitakavyokuwa. Nikiwa nimesimama natafuna, msinishike kwa nguvu, niondoleeni tu kisu au moto, kaeni karibu. Nikianguka, nilazeni ubavu, wekeni nguo chini ya kichwa, msitie kitu mdomoni, angalieni saa. Ikipita dakika tano, au nikishikwa tena kabla sijazinduka, hospitali. Povu haliambukizi. Halafu nawaomba jambo ambalo huwashangaza kuliko yote: mkishaona, niambieni mlichokiona. Msiniambie mlichofikiri. Nitawauliza mlichofikiri baadaye, nikishapumzika.

Sio wote wanaoweza. Mmoja alihama chumba wiki ile ile, na sikumlaumu, ila niliumia. Mwingine hadi leo kila akinieleza huanza na "masikini". Yule wa kitanda cha juu anafundisha hisabati sekondari huko Singida, na amenipigia simu kuniambia kwamba darasani kwake kuna mvulana anayekodoa macho ukutani sekunde kumi kisha anaendelea kuandika. Ameshajaza kurasa mbili. Mama wa mtoto amekubali kuzipeleka hospitali.

Nina miaka 25 sasa. Naishi kwa dada yangu, Tabata. Bado hunijia mara moja au mbili kwa miezi miwili, na daktari ameanza kutaja upasuaji kwa kuwa kovu liko mahali pamoja. Sijaamua. Daftari limekuwa la tatu. Jumapili iliyopita nilikuwa nafua na mtoto wa dada, ana miaka sita, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tumbo likapanda. Niliporudi, bomba lilikuwa limefungwa na yeye alikuwa amenishika kidole kimoja.

"Mama mdogo," alisema, "ulitafuna. Ukashika shati, ukalivutavuta. Mkono huu ukawa hivi." Akaukunja wake wa kushoto, vidole vikapinda sawasawa. "Nikafunga maji. Nikahesabu ishirini, halafu ishirini tena, halafu ukaniangalia."

"Halafu?"

"Halafu ukaniuliza mama yuko wapi. Nikakwambia kaenda sokoni. Ukaniuliza tena."

Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaingia ndani kuchukua kalamu.